Gari Jekundu la Mwalimu Kinoti

Kinoru, Meru

Mama Zuhura, mke wangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, sweta uliyonifumia siivui. Wewe je? Kikohozi cha Zuhura kimeisha? Na mguu wa mama mkwe waendeleaje? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa tunaishia kwenye unga na karo, na hili nataka ulisome polepole.

Tangu nifungue gereji yangu, wateja wangu ni pikipiki na matatu mbovu. Mwezi uliopita akaja Mwalimu Kinoti, mstaafu wa Mikinduri, na gari la spoti la zamani, viti viwili, jekundu, ukiliona utasema limetoka dukani jana. Bintiye Karwitha alikuwa anaolewa Embu, naye Mwalimu alimwahidi tangu utotoni kwamba siku hiyo atampeleka kwa gari hilo. Kwa kuwa lilibadilishwa rangi, ilibidi likaguliwe kwanza. Likaanguka ukaguzi.

"Fundi, injini inaimba! Rangi ni mpya! Wanataka nini tena?" akanilalamikia.

Nikalipiga jeki. Mke wangu, magari haya hudanganya watu kwa sura. Breki zilivuta kushoto, mipira yake imepasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Tairi zina meno mazuri, lakini zimekauka kwa uzee. Usukani unacheza. Taa moja inamulika barabara, nyingine inatafuta popo mitini.

Mwalimu akaniambia kuna mtu mjini wa kumpatia cheti bila gari kuonekana. "Harusi iko karibu. Wewe tengeneza breki tu, hayo mengine tutaona."

"Mwalimu, utashuka ule mteremko wa ajali wa Nithi na Karwitha akiwa kando yako?"

"Ii, ndiyo, nitashuka polepole."

Nikachukua bisibisi, nikaisukuma chini ya mlango, pale rangi inapong'aa zaidi. Ikazama mpaka mpini. Ndani hamkuwa na chuma, ni kutu tu na puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi. Mwalimu akainama akachungulia, kisha akavua kofia. Nilijua akiondoka, nimempoteza mteja mkubwa wa kwanza niliyewahi kupata. Hata hivyo nikamwambia, "Breki peke yake sitengenezi."

Akairudisha kofia kichwani. "Basi tengeneza yote, fundi. Mimi nataka tu mtoto afike."

Nikakata chuma kilichooza, nikachomelea kipya. Mipira na vipaipu vya breki nikabadilisha vyote. Tairi saizi ile haipo Meru. Tulizingoja kutoka Nairobi hadi nikaanza kukata tamaa. Zilifika wiki yenyewe ya harusi.

Alhamisi tukaenda Embu kwa ukaguzi wa pili, mimi nikiendesha. Kwenye mteremko wa Nithi lori la mawe mbele yetu likasimama ghafla. Nikakanyaga. Gari likatulia palepale, limenyooka, halikuvuta huku wala kule. Mwalimu alikuwa ameng'ang'ania dashibodi kwa mikono miwili.

"Hiyo ndiyo breki," akasema.

Mkaguzi akatikisa magurudumu, akaingia chini ya gari, akagongagonga. Akatoka akiuliza, "Hapa chini ya mlango ni nani alichomelea?"

"Ni mimi," nikasema.

"Kazi safi. Hii gari imepita."

Mama Zuhura, nilikwenda nyuma ya kibanda cha chai nikalia, kisha nikarudi nikijifanya natoka kunawa uso.

Jumamosi nilitangulia Embu kwa matatu; Karwitha alishuka kwenye gari lile mbele ya kanisa, shela imevurugwa na upepo, anacheka. Mwalimu akanishika mkono akanipeleka kwa wakwe zake. "Huyu ndiye Athumani," akawaambia, "fundi wa gari yangu." Alinitaja kwa jina, mbele ya watu wote wale! Tangu siku hiyo nimeletewa magari mengine mawili ya zamani, moja kutoka Embu kwenyewe.

Nimepanga vyumba viwili karibu na uwanja wa mpira hapa Kinoru, vinapata jua la asubuhi. Madrasa haiko mbali, na nafasi ya Zuhura nimeshaiulizia.

Nisalimie mama mkwe, shemeji Hamisi, na jirani yetu Bi Rukia anayekusaidia na mtoto. Na ukishawasalimia, waage. Njooni.

Mumeo,
Athumani