Kanda ya Pili Iko kwa Virginia

Jumapili, 13 Aprili 2008

Leo nimepiga nyimbo za Nasambu! Tangu Desemba redio yetu ilikuwa ya habari tu—nani amechomewa, barabara gani imefungwa, wakubwa wamekubaliana nini. Leo baada ya kanisa nikasema basi. Nikaipangusa vumbi, nikaweka kanda ya kwanza ya *Mvua ya Turbo*, nikavua viatu, nikakaa.

Hakuna albamu kama hii. Nimesikia nyingi, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nasambu haimbi kwa kujionyesha. Anaimba kama mtu anayeosha vyombo huku akiwaza mambo yake, halafu ghafla unalia na hujui ni neno gani limekuchoma. Ule wimbo wa ng'ombe aliyeuzwa ili mtoto alipiwe karo—nililia tena. Ng'ombe, jamani!

Mwisho kabisa, "Hodi Mama Watoto". Mwanamume amemfuata mke wake kwa wakwe. Jua linazama, anafika mlangoni, anabisha hodi—tak! Kanda imeisha. Sehemu ya pili iko kwenye kanda ya pili, na kanda ya pili iko kwa Virginia.

Albamu hiyo tuliichangia pesa sisi wawili, majirani wa kupakana ua. Moja ikae kwangu, moja kwake, na kila Jumapili tukutane tuzisikilize zote. Mpango mzuri sana, mpaka uchaguzi ulipoleta fujo na watu wakachomewa. Sasa nyumba ya Virginia ni kuta bila mabati, na yeye na watoto wako kwenye mahema ya wakimbizi kule uwanja wa Showground.

Mume wangu anasema huyo mwanamume amebisha hodi leo mpaka mikono imechoka, atafunguliwa lini.

Alhamisi, 17 Aprili

Saida wa dukani hupeleka unga na sukari Showground. Nilimtuma aniulizie hali ya Virginia, na mambo ya kanda nikayaongeza kwa mbali, kama mtu asiyejali.

Amerudi akicheka hata mtandio unamwanguka. Iko naye! Siku ile alitoka mbio na watoto, vyeti vyao vya shule, na hiyo kanda. Blanketi akaziacha. Redio hana, kwa hivyo ameihifadhi ndani ya soksi.

Nimecheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka nikiwa sicheki tena. Jumamosi nitaenda mwenyewe kuiomba.

Jumamosi, 19 Aprili

Matope huko si ya kawaida. Virginia amekonda. Tulisalimiana kama watu waliokutana ofisini, mimi nikiangalia viatu vyangu. Mwishowe nikamwambia yule mwanamume wa Nasambu amekwama mlangoni tangu Desemba. Akacheka, kile kicheko chake cha puani.

Basi tukaanza ubishi wetu palepale, watu wakitutazama. Mimi husema utamu wa nyimbo ni sauti, yeye husema ni gita. "Gita ndio inaongea, Mama Kiprono. Huyo Nasambu wako ni wa kuitikia tu." Upuzi mtupu! Nilikuwa nimeukosa sana upuzi huo.

Halafu akaingia hemani akatoka na soksi. "Chukua. Ndugu yangu Ndungu anakuja kutuchukua, tunahamia Nyahururu. Huko kwetu sirudi, sijui nani alikuwa nani usiku ule wa kuchomewa. Sasa kanda moja itanisaidia na nini?"

Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono. Nikaurudisha. Nikiichukua, atarudi kwetu kufuata nini?

Nikamwambia, "Yako utaileta mwenyewe. Mimi siibebi."

Alikasirika. Alisema nimevuka matope yote hayo kuja kuomba kitu, na nikipewa nakataa, nina kichwa cha punda. Nimerudi mikono mitupu. Njia nzima nimeimba ile sehemu ya kwanza, na sijui nilikuwa nafurahia nini, lakini nilifurahi.

Jumatano, 7 Mei

Malori ya serikali yameanza kurudisha watu. Kila lori likipita nachungulia getini. Virginia hayumo. Saida anasema Ndungu anakuja na pickup Jumamosi.

Kanda sijapiga. Moyo umekataa.

Baba Kiprono ameniona nikichungulia. Alichukua panga, akavuka ua, akafyeka nyasi zilizoota ndani ya sitting room ya Virginia. Nikamuuliza kwa nini. "Si zimekuwa ndefu," akasema. Nampenda huyu mtu.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nimesimama jikoni. Chai bado haijachemka.

Pickup iko nje. Imejaa: godoro, masufuria, watoto juu ya magunia. Wanapita tu, wanaelekea Nyahururu. Virginia akashuka peke yake mpaka getini, soksi mkononi. "Haya, nimeileta mwenyewe kama ulivyosema. Shika, tunachelewa."

Nimenaswa na maneno yangu mwenyewe! Nikakimbia ndani nikabonyeza redio, sauti mpaka mwisho. "Hodi Mama Watoto" ikatoka dirishani. Virginia alikuwa amegeuka kwenda, akasimama. Gita likatembea, Nasambu akaimba, jua likazama, mwanamume akafika mlangoni, akabisha—tak!

Ndungu akapiga honi.

Virginia akamgeukia. "Ngoja bwana! Wimbo haujaisha."

Ameingia getini. Ndani ya nyumba amekataa, amekaa kwenye kistuli pale nje ya mlango, anaangalia kwake ng'ambo ya ua. Ameuliza ni nani amefyeka. Nimemwambia. Kisha akamwita kitindamimba ashuke, jua litamchoma. Sasa watoto wote wameshuka. Ndungu amezima injini.

Redio nimeitoa nje. Lakini kanda yake imelegea kwa unyevu wa hema, utepe umening'inia. Lazima uzungushwe kwa biro, polepole, usikatike. Anasema hiyo kazi hampi mtu, ataifanya mwenyewe, hata ikichukua mchana wote.

Anaita. "Mama Kiprono, leta biro."

Nyumba nzima tuna biro moja tu, na ndiyo hii ninayoandi—