Jina la Maiti wa Opera

Shambani, juu ya Karatu
3 Juni 2024

Kwa Yeyo,

Takwenya, mama. Najua umeitika, ingawa kutoka huku siwezi kukusikia. Habari za nyumbani Arash? Kifua cha baba kinaendeleaje, na wale ng'ombe saba waliobaki wamepata majani? Mimi mwili ni mzima, mikono ndiyo imechoka. Tangu Pasaka nachimba mashimo ya miche ya kahawa, na usiku vidole havikunjiki. Simu yangu ilitumbukia kwenye tangi la kuoshea kahawa, kwa hiyo barua hii ataileta Luqman, mwenye duka wa hapa Karatu anayepeleka bidhaa Loliondo kwa lori lake. Nalangu, mke wa mwinjilisti, najua ndiye unayesoma. Soma polepole na usiruke.

Yeyo, kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia mnadani. Mama mwenye shamba hili ni mzee wa Kizungu. Kila mwaka wachumaji wapya wakifika, anataka waonyeshwe mchezo wa kwao wa miaka mingi, unaitwa opera. Anasema mtu akicheka siku ya kwanza hatoroki siku ya pili. Mwalimu Sylvesta wa kwaya ameuweka kwa Kiswahili. Alitueleza hivi: "Opera ni habari inayoimbwa toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu akitaka chumvi, anaiimba. Akinyimwa chumvi, ananyimwa kwa wimbo."

Antonia mpishi akauliza, "Na chumvi ikiisha?"

"Hapo wanaimba wote."

Habari yenyewe ni ya tajiri mwenye kinu cha kusaga nafaka. Anajifanya amekufa ili asikie watu watasema nini. Mkewe anamlilia kwa sauti nzuri huku akimpekua mifuko kutafuta funguo. Mpwa wake analia akiwa ameshavaa viatu vya marehemu. Binti yake tu ndiye analia kweli. Mpishi wa tajiri anagundua kwamba bwana anapumua, lakini hasemi. Anaamuru kaburi lichimbwe haraka, na yule tajiri anaruka juu na kucheza na binti yake. Watu wa zamani hapa wakiusimulia wanashika mbavu.

Aliyekuwa akilala maiti ni Modest, naye amerudi kwao Mbulu. Nyapara Julius akanitazama. "Wewe kuimba huwezi, lakini kulala unaweza, nimekuona." Julius ndiye anaandika majina ya watakaobaki baada ya msimu, kwa hiyo sikukataa. Sasa sikia. Ili wageni wasipotee, kila mchezaji anaitwa kwa jina lake mwenyewe. Anayelala mezani chini ya shuka nyeupe ni Senteu, na watu ishirini wanaimba kwamba Senteu ametutoka, Senteu hatarudi. Tumefanya mazoezi mara mbili. Mara ya pili nilihisi miguu yangu imepoa.

Niambie unaonaje.

Mwanao,
Senteu


Arash
14 Juni 2024

Mwanangu Senteu,

Iko. Nimeitika. Baba yako anakohoa asubuhi tu. Ng'ombe ni wale saba, majani yapo kidogo upande wa mlimani. Sisi tuko hai, na nataka nawe uwe hai, ndiyo maana naandika.

Nalangu ananiambia hicho ni kichekesho, nimesikia vibaya. Nimemwambia aandike tu, mengine aniachie.

Nilizaa wavulana wawili. Wa kwanza mto ulimchukua, na hatukupata hata upindo wa shuka yake. Huu ni mwaka wa kumi na moja hatujalitamka jina lake. Baba yako akisikia mtoto wa mtu mwingine anaitwa jina lile, anasimama na kutoka. Wewe unajua. Jina la aliyekwenda haliitwi. Mama yangu alisema likiitwa linageuka, na likigeuka halirudi peke yake, linachukua mwingine.

Sasa wewe umelala juu ya meza, na watu wanalichukua jina la mtoto niliyebaki naye na kulipeleka kule, wewe ungali unapumua. Wanalipeleka kwa wimbo, watu ishirini, mara mbili. Unaniuliza naonaje. Naona hivyo.

Waambie wabadili jina, au rudi. Njaa ya hapa naifahamu, haijaniua. Julius simfahamu.

Mimi Nalangu niliyeandika nakusalimu pia. Mama halali. Fanya anavyosema.

Yeyo wako


Shambani
25 Juni 2024

Kwa Yeyo,

Takwenya tena. Nashukuru kwa habari za kifua cha baba. Huku baridi ni kali, ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na hauondoki mpaka saa nne. Nimeanza kukohoa, lakini hapa wote wanakohoa.

Nimefanya ulivyoniambia. Nilimfuata Mwalimu Sylvesta kwenye banda la kuchambulia kahawa, watu wakiwepo, nikamwambia jina langu litolewe. Walinicheka. Antonia akasema, "Mmasai anaogopa wimbo. Simba hamwogopi, anaogopa wimbo."

Mwalimu ni mtu mwema. Alisema, "Sawa, chagua jina lingine, lakini liwe la mtu, lisiwe la mbuzi."

Nikasema, basi tumwite Julius.

Nyapara akaacha kuandika. "Mimi nina watoto wanne. Tafuta mwingine afe."

Nikamgeukia Antonia. "Na tukimfanya maiti kuwa mwanamke?"

"Thubutu," akasema, naye hakuwa anacheka tena. Akataja jina la dereva wa trekta. Dereva akasema mama yake ni mgonjwa, wasimwongezee balaa. Mmoja akasema tutumie jina la mtakatifu, katekista akakataa. Yeyo, wale watu wote walionicheka, hakuna hata mmoja aliyetoa jina lake. Modest mwaka jana alikubali, na mguu ukavimba mpaka akarudi kwao. Hilo ndilo walilokuwa wamelinyamazia. Sasa hata wao wanaliona.

Mwalimu amesema wageni watakuja kuanzia tarehe mosi Julai, na mchezo ni Jumapili tarehe saba. Nisipoleta jina, linabaki langu.

Niletee wewe jina. Lori la Luqman linarudi kutoka Loliondo Alhamisi ya tarehe nne. Mimi nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Kila jina ninalolijua lina mtu ndani yake.

Mwanao,
Senteu


Shambani
10 Julai 2024

Kwa Yeyo,

Nakusalimu wewe na baba na mifugo. Mimi ni mzima kwa macho ya watu.

Lori lilikuja bila barua yako. Luqman alisema alimpa mtu wa Arash ile yangu ya mwisho na hajui kama ilifika. Ijumaa nilikuwa sina jina. Jumamosi Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote akaniuliza, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Yeyo, nilitaja lake. La yule wa kwanza. Nilikuwa nimewaza hivi: huyu tayari mto ulimchukua, hawezi kuchukuliwa tena. Kila jina jingine lina mtu wa kupoteza, hili halina. Niliona ni akili. Nilipolisikia limetoka nilitamani kulimeza. Mwalimu akasema, "Zuri, linaimbika." Akaliandika.

Sitaliandika hapa. Unalijua.

Sasa nakueleza yote, kwa sababu ukisikia nusu ni vibaya zaidi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Wageni walikaa juu ya magunia, kama watu mia mbili, wa Buger, wa Mbulu, wengine wa Singida. Mwalimu aliwaeleza ile habari ya chumvi, wakatabasamu kwa adabu. Kisha nikabebwa mezani. Kwaya ilipoanza kulia, hakuna aliyecheka. Chini ya shuka nilimsikia mwanamke mmoja wa Buger akisema, "Huyu marehemu ni wa wapi? Mbona hatukuambiwa tuje na kanga?"

Mzee mmoja wa shamba akamjibu, "Tulia mama, ni mchezo."

"Mchezo wa maiti?"

Mama yule alitoka nje, na wenzake wawili wakamfuata. Ndipo Antonia, aliyekuwa mke wa tajiri, akaanza kunipekua mifuko huku analia, akatoa kitunguu akakinusa ili machozi yaongezeke. Mtu mmoja nyuma akacheka. Baadaye wote. Mimi sikusikia kicheko. Nilisikia jina, Yeyo, miaka kumi na moja sijalisikia, na sasa watu ishirini wanaliimba kwa sauti nne.

Mpishi wa kwenye mchezo anapoamuru kaburi, anamwita maiti mara tatu. Mara ya tatu natakiwa niruke. Aliita mara tatu, sikuruka. Niliogopa. Nilijiuliza, nikiinuka, ni nani ameinuka? Mwalimu alinong'ona, "Inuka, wewe." Niliinuka polepole. Watu walipiga makofi, wakapiga magunia kwa miguu. Nami nilicheka, kwa sababu mchezo unataka nicheke.

Wale wanawake watatu walirudi mlangoni kuchungulia, wakanicheka nao.

Tangu siku hiyo sili vizuri. Luqman alikuwepo, aliketi mbele, atakuletea barua hii mwenyewe. Nimemsihi asiseme neno kwa baba.

Nisamehe, au nikemee, lakini andika.

Senteu


Shambani
4 Agosti 2024

Kwa Yeyo,

Takwenya. Habari za nyumbani? Nauliza kweli, si kwa desturi. Nani mgonjwa? Ng'ombe ni saba bado?

Wiki ya nne hii. Luqman anasema alikupa barua mkononi, na kila akipita humtumi kitu. Hataki kusema zaidi. Nikimwuliza kuhusu baba anaanza kupanga sabuni kwenye rafu.

Ngazi ilikatika nikiwa juu yake, sikuumia. Siku mbili baadaye dereva wa trekta alipelekwa hospitali kwa homa, amerudi jana. Kila jambo dogo nasimama na kulitazama. Nikisikia mtu ananiita kwa nyuma sigeuki mpaka aite tena.

Kundi la pili la wachumaji linafika, na wanataka mchezo urudiwe Jumapili tarehe kumi na nane kwa ajili ya hao wageni. Nimeamua. Nitamwambia Mwalimu alifute lile jina arudishe langu, lolote litakalotokea litokee kwangu. Nilipaswa kufanya hivyo toka mwanzo.

Kama kuna aliyefariki, niambie ni nani. Usininyamazie.

Mwanao


Arash
12 Agosti 2024

Mwanangu,

Iko. Hakuna aliyefariki. Naanza na hilo kwa sababu najua utalitafuta kwanza kwenye mistari yote. Baba yako yupo, ng'ombe ni saba na ndama mmoja.

Barua yako ya Julai ilifika na Luqman. Nilikuwa nimemkaribisha chai. Kabla Nalangu hajaja kuisoma, Luqman akaanza kunisimulia mchezo mwenyewe, kwa furaha, kikombe mkononi, akalitamka lile jina ndani ya nyumba yangu. Alilitamka mara tatu, hajui. Nilishika nguzo. Baba yako alikuwa malishoni, Engai, Mungu wetu, alimweka huko.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja. Kila asubuhi nilimgusa baba yako shingoni kabla hajaamka. Kila jioni niliwagusa ng'ombe mmoja mmoja. Ndama alipoanza kuhara nilisema, ndiye huyu. Akapona. Nimengoja mwezi mzima nijue ni nani, na hakuna aliyekwenda. Usidhani nimekusamehe. Bado naogopa, na hili ninalolisema sasa linaniogopesha kuliko yote, hata Nalangu ameweka kalamu chini mara mbili.

Luqman alipopita tena nilimwita pembeni. Nilimwuliza, walipomwita, aliinukaje? Akasema, aliinuka polepole, akatoa shuka usoni, akawa anacheka. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Wiki iliyofuata nilimwuliza tena, akaniambia, mama, nimeshakueleza. Nikamwambia, eleza.

Mimi sikumwona mwanangu akilala. Mto haukunipa hata hilo.

Nitapanda lori la Luqman Ijumaa. Baba yako nimemwambia naenda kuonyesha macho Karatu, na Nalangu amekubali kunyamaza ingawa ni mke wa mwinjilisti. Usije kunipokea. Usimwambie mwalimu wala huyo Julius mimi ni nani. Nitakaa na wageni, nyuma kabisa karibu na mlango, ili nikishindwa nitoke kama wale wanawake wa Buger.

Jina usilibadili.

Yeyo wako