Mama Kati ya Panga

Jakobsberg,
Stockholm, Uswidi.
Tarehe 12 Juni 2025

Mpendwa Dada Aida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe, shemeji Mashauri na wote mliomo nyumbani Muheza. Je, goti lako limepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama naye, tangu alipofika huku kututembelea, ni mzima kabisa. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu nitakayoeleza yatakushtua kama yalivyonishtua mimi, na hadi leo moyo wangu haujatulia.

Unafahamu kwamba binti yangu Maya anajifunza ngoma ya panga ya Wakorea. Niliidhani ni urembo mtupu, kumbe ni mafunzo ya vita pia. Wachezaji huanza mikono mitupu, taratibu, kisha hupiga magoti na kuokota panga mbili kila mmoja, na hapo chuma huzungushwa kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Panga hizo hazina makali, lakini pigo moja la shingo latosha kumuua mtu.

Jumamosi iliyopita walicheza katika ukumbi mmoja wa Kista. Mwalimu wao, Bi. Han, alikuwa akimchagua mmoja wa kwenda Korea kujifunza kwa mabingwa, safari ambayo Maya ameiota kwa miaka mingi.

Mama alikaa kando yangu. "Mbona watu wamenyamaza kama wako matangani?" akaninong'oneza. "Mjukuu wangu anacheza kama yatima."

Nikamwambia kwamba huku hiyo ndiyo adabu ya kutazama. Nikainama kuzima simu. Nilipoinua uso, kiti chake kilikuwa kitupu.

Dada, Mama alikuwa uwanjani. Alikwenda kumtunza mchezaji kama tufanyavyo kwetu, kanga ya zawadi mkononi, vigelegele mdomoni, moja kwa moja katikati ya panga zinazozunguka. Maya alikuwa amempa mgongo. Niliuona upanga wake ukigeuka kuelekea shingo ya Mama.

Haukufika. Maya alimwona alipogeuka, akauelekeza chini ghafla, ukamponyoka na kugonga sakafu. Mama hakutambua lolote. Alimvika kanga mabegani, akamfuta jasho, akarudi kuketi.

"Sasa hiyo ndiyo ngoma," akaniambia.

Katika kikundi hicho, anayeangusha upanga siku ya kuchaguliwa amejiondoa mwenyewe. Bi. Han alimwambia Maya kwa upole, "Ulifanya lililo sawa. Lakini kanuni siwezi kuivunja." Nafasi akapewa mwenzake, Alma.

Nilitaka kumweleza Mama palepale. Maya, ambaye hunijibu kwa Kiswidi hata nikimsalimu, alinishika mkono, akasema kwa Kiswahili, "Baba, usimwambie. Bibi alikuja kunitunza." Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka nilipouona upanga ule.

Mama atafika kwenu Jumapili. Zakayo, anayesafiri leo kuja huko, atakukabidhi barua hii kabla yake. Tafadhali wasomee ndugu wote. Mama atawaeleza jinsi alivyoichangamsha ngoma ya Wakorea. Asitokee wa kumsahihisha, wala wa kuulizia safari ya Maya. Mwacheni asimulie hadi mwisho.

Nisalimie shemeji, mama mdogo Tereza, na Filip na wanawe. Mungu awafunike kwa rehema zake na atukutanishe tukiwa na afya.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Gregory