Shairi la Bwana Harusi

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo. Mama amepaka sebule rangi, na shangazi anagombana na kila mtu kuhusu viti. Jumamosi kitindamimba wetu anaolewa, nami nimeambiwa nimtungie bwana harusi shairi.

Jana aliletwa nyumbani. Mama akasifu upole wake. Dada, ni yule askari aliyenifungia chumbani wakati wa vita, niliyekusimulia wewe peke yako. Hata hakunikumbuka. Alinipa mkono, akaniita shemeji.

Nikimwambia mama, atasema vita vimekwisha. Bibi harusi naye anacheka kutwa.

Nimetunga beti saba za sifa. Ubeti wa nane unasema alichonifanya.

Njoo, ukae mbele. Nikimaliza wa saba nitakutazama. Ukitikisa kichwa, nitaketi. Usipotikisa, nitasoma.

Mdogo wako,
mshairi wa nyumba