Kipande Chako Kilichorudi Ndani ya Nta

Mke wangu, Mama Neema,

Ulikufa. Saratani ya titi, wodi ya wanawake, Kasulu, asubuhi watu wanakunywa uji. Tukakupakia kwenye gari la mahindi mpaka Busunzu, tukakuzika nyuma ya migomba. Watu wanasema umelala. Hujalala. Kaburi nilichimba mimi.

Nina hasira. Nakwambia wewe kwa sababu wengine wananiambia nishukuru.

Unakumbuka walipokata kile kipande cha titi, wakasema kinapelekwa mbali kupimwa? Ukanitania pale kwenye benchi, "Baba Neema, nyama yangu imepanda basi, mimi hata Kigoma mjini sijafika." Tukacheka. Tukasubiri majibu. Yamekuja umeshazikwa.

Daktari alinipigia simu matanga bado hayajaanuliwa. Mama yako alikuwa amegoma kuyaanua. Kila anayemsogelea anamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, mmemzika nusu. Nyama yake iko wapi?" Na matanga yasipoanuliwa mimi sishiki jembe wala kalibu ya tofali. Nikaenda hospitali.

Ni yule mama daktari mfupi. Akaweka kitu mezani. Kipande cha nta nyeupe, kama sabuni iliyobaki kidogo, ndani kuna doa la nyama. Akasema, "Huyu ni mama." Halafu akajisahihisha, "Hii ni ya mama."

Nta. Wewe na nta. Tulipokuwa na mizinga, ulikuwa unatafuna sega mpaka asali inaisha, halafu unanitupia nta mgongoni. "Kula mabaki, mzee." Sasa wewe ndiyo umewekwa kwenye nta.

Akanieleza. Chembe za ugonjwa wako, huko juu kwenye ngozi ya kila chembe, zilijaa protini fulani. Kila mtu anayo kidogo, wewe ilizidi. Na kuna dawa inayoishika hiyo hiyo.

"Dawa ipo?"

"Ipo Dar. Lakini hatuwezi kumpa mtu bila majibu."

"Na majibu yamekuja leo."

Akaanza kuongea sana, kama mtu anayeogopa kimya. Eti huko maabara za nje protini hiyo wanaitengeneza. Ya binadamu kabisa, bila binadamu. Wanapandikiza mbegu yake kwenye chembe nyingine, zinaizalisha, wanaisafisha, wanaikausha inakuwa unga kwenye kichupa. Watafiti wanaagiza, wanajaribia dawa mpya kama zitaishika. Mtu hachomwi sindano yake. Ni ya maabara tu.

"Kinasafirije hicho kichupa?"

"Kwa ndege. Kwenye barafu, kisiharibike."

Mama Neema, kichupa kinapanda ndege kwenye barafu. Wewe ulipanda bodaboda na kidonda, umenishika tumbo kwa nyuma, unasema, "Mwambie apunguze, mashimo yananiua." Nikamwambia daktari, hicho cha kwenye kichupa hakina mume. Hakijawahi kupika maharage. Na kinatunzwa kuliko mke wangu.

Akasema, "Baba, nakuelewa."

"Huelewi."

Akaomba hicho cha kwenye nta kibaki. Eti cha kichupa peke yake hakitoshi, watafiti wanataka na cha mtu kweli, walinganishe. Nikasema hapana, mama mkwe wangu anakisubiri. Nikakiweka mfukoni, nikatoka.

Nje, kwenye benchi letu lile lile, amekaa mwanamke. Kitenge amekibana kifuani upande mmoja, mumewe ameshika chupa ya chai. Nikamuuliza mume, "Mnasubiri nini?"

"Majibu ya kinyama walichomkata."

Nikarudi ndani. Nikakitoa mfukoni.

"Kateni chenu. Kinachobaki nipeni. Na ya yule mama hapo nje, majibu yaje akiwa bado anakula ugali."

"Siwezi kukuahidi, baba."

"Usiniahidi. Wapigie simu, mimi nasikia."

Akapiga. Nilisimama pale mpaka ikapokelewa. Akawatajia jina la yule mama mara mbili. Jina lako hakuna aliyelipigia simu. Na mimi sikujua kama simu inapigwa. Hilo ndilo linanichoma.

Wakakata, wakanirudishia. Nikampelekea mama yako. Akakishika, akakinusa.

"Ndiyo hiki?"

"Ndicho."

"Mbona kidogo hivi?"

"Kingine kimebaki, kinafanya kazi."

Akasema, "Huyo ndiye mwanangu. Hakuwahi kukaa bure."

Tukakifukia upande wako wa kushoto, pale walipokata. Mama yako akanawa mikono, akasema matanga yameisha. Yake yameisha. Mimi nikipita lile benchi nitatema mate.

Baki hapo, mke wangu. Kesho narudi kwenye tofali.

Mumeo,
Baba Neema