Mistari ya Mguu wa Kigari

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Jiko la kuchomea nyama la marehemu mama yako msiliwashe leo, chuma nimekipaka rangi na bado haijakauka. Mwambie mumeo, namjua kwa nyama. Wavu wa jiko nimeuloweka kwenye beseni bafuni, mtu asije akanawa uso, yale maji yana siki.

Asubuhi ulinikuta napiga msasa kigari cha mbao kinachobeba hilo jiko. Ukautazama mguu wa kushoto, ukasema, "Baba, hapo si ndipo mama alipokuwa akinipimia urefu?" Ukaenda kazini hata chai hukunywa. Heri ungenigombeza.

Mwanangu, nilidhani ni uchafu. Vimistari vya penseli, nimevifuta vyote huku napiga mluzi. Baba mwingine angevijua. Mimi miaka ile nilikuwa juu ya malori ya watu, nikirudi nakuletea viatu visivyokutosha.

~~Nimechukua begi langu. Msinisubiri.~~

Nimekwenda kutafuta gurudumu, moja limeoza. Nitarudi jioni, mniwekee chakula.

Mguu wa kulia sijaupiga msasa. Nimeukagua kwa miwani, una mstari mmoja tu, juu kidogo ya goti langu, na mwandiko wa mama yako: "Leo kasimama mwenyewe. Baba yake hayupo."

Huo nimeuzungushia utepe, msasa usiufikie. Ubaki hivyo hivyo.

Baba