Jina Walilolifuta kwenye Faili Langu Nimelisoma

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hivi ninavyokuandikia nimekaa mezani na karatasi moja ambayo ofisi ya shirika la nyumba wanaitaka irudi kwao, na sijui niirudishe, niichane, au nikaibandike kwenye mlango wa mtu ili kila anayepita asome.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu, nimeshona sare za wauguzi maisha yangu yote, nina miaka sabini na miwili na uzi naupitisha kwenye tundu la sindano bila miwani. Naishi peke yangu ghorofa ya pili kwenye majengo ya shirika la nyumba, haya ya watu wenye kipato kidogo, ambayo ili upewe chumba lazima kwanza uwaeleze kila kitu mpaka idadi ya nguo zako za ndani. Nimekaa hapa miaka ishirini na miwili bila kesi na mtu.

Sasa mwezi uliopita ikaja barua kwamba afisa ustawi atanitembelea "kufuatia taarifa tuliyoipokea kuhusu usalama wako". Nikashuka ofisini palepale na khanga yangu ya nyumbani, nikauliza taarifa gani na kaileta nani, binti wa kaunta akaniambia, "Mama, hiyo ni siri." Siri ya nani, nikamwambia, na anayesemwa ni mimi? Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye aliyenifungua macho kwamba mpangaji ana haki ya kuomba nakala ya yote yaliyoandikwa kumhusu, basi nikajaza fomu, nikasubiri wiki tatu, ikaja bahasha nene kama mto wa kulalia.

Mshauri, humo nimo mimi mzima mzima. Upasuaji wangu wa tumbo umo. Talaka yangu imo, pamoja na sababu zake ambazo nilimwambia karani mmoja tu, tena nikilia, siku naomba chumba. Hata ile siku niliyogombana na msimamizi wa jengo kuhusu bomba la maji machafu, kaandika "mpangaji ana maneno mengi", na hapo nikacheka peke yangu kwa sababu ni kweli. Halafu nikafika kwenye karatasi hii. Jina la mtu limepakwa wino mzito mweusi lisisomeke. Lakini mimi ni fundi, nimezoea kuinua kitambaa kwenye mwanga nione kimefumwaje, mkono ukanyanyuka wenyewe kuelekea dirishani, na jina likatokea herufi moja moja.

Ni shoga yangu wa mlango unaotazamana na wangu. Miaka kumi na saba tumekuwa chanda na pete, nilimshonea binti yake gauni la arusi bila kupima mara mbili, nilipotoka hospitali yeye ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko, na ufunguo wangu wa akiba unakaa kwake. Kumbe alikuwa ananichongea. Karani kaandika maneno yake kama alivyoyasema kwenye simu: "Mwezi huu nimeingia kumzimia jiko mara nne. Juzi aliniuliza binti yangu ataolewa lini. Naogopa kumwambia, ni mkali. Msimwambie ni mimi, na msimhamishe, msaidieni tu." Chini yake mtu mwingine kaongeza kwa mkono: "Anaishi peke yake, hana mtoto. Afikiriwe kuhamishiwa makao ya uangalizi." Hajaniona hata siku moja huyo, hajui nina sura gani!

Na ni uongo mtupu. Ni siku moja tu nilibandika maharage, simu ikaita, nikazungumza na mpwa wangu, maharage yakaungua, basi. Nani hajawahi kuunguza maharage?

Nikavuka korido nikamgongea, nikamwambia nipe ufunguo wangu. "Kuna nini, shoga?" Nipe tu. Akanipa, na tangu hapo akinisalimia mimi naitikia ukuta, na nikirudi ndani nalia, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kunisalimia kwenye korido ile.

Kama hayo hayatoshi, juzi meneja wa ofisi akanipigia mwenyewe, sauti ya asali, akasema karatasi ile ilitoka kwa bahati mbaya, haikutakiwa kunifikia ikiwa hivyo, tafadhali mama irudishe, na usitumie wala usimwambie mtu ulichokisoma. Nikamwambia, mwanangu, nilichokisoma nitakifumua vipi kichwani, kwani huo ni mshono? Akasema pia watalazimika kumjulisha mhusika kwamba jina lake limevuja. Yaani sasa yeye ndiye aliyeonewa! Mimi nimechongewa, yeye anaombwa radhi, na ofisi iliyotukoroga sote inanituma mimi nirudishe karatasi. Nikiirudisha, ushahidi wangu umekwenda. Nikikaa nayo, wataandika kwamba nimeiba. Afisa akija nikamjibu vikali, ataongeza "maneno mengi" kwenye faili. Nikinyamaza, atasema akili imehama.

Na kuna jambo sijakueleza. Kuna siku nilibandika maharage, simu ikaita, nikazungumza na mpwa wangu, yakaungua, labda hapo ndipo shoga yangu alipopata cha kusema. Ile sufuria niliitupa, na ile nyingine pia.

Sitaki kuhama, Mshauri. Cherehani yangu iko pale pale ilipowekwa siku ya kwanza, na ngazi za jengo hili mguu wangu unazijua bila taa. Wakinipeleka kwenye hayo makao nitakuwa mgeni mpaka nife. Nimechanganyikiwa kabisa, sijui nimkasirikie nani, ofisi, shoga, au yule mwenye kalamu aliyeandika nihamishwe. Niambie la kufanya.

Fundi wa ghorofa ya pili


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, dada yangu, pole kwanza, halafu tutagombana.

Tuanze na ofisi, maana hao hawana utetezi. Kupaka wino juu ya jina si kulificha, ni kulivalisha nguo nyepesi. Wamekukosea wewe na wamemkosea shoga yako, aliyewaamini akawaomba jambo moja tu. Halafu kuna huyo aliyependekeza uhamishwe bila kupanda hata ngazi zako. Usikubali hilo lipite. Waandikie kulalamika, na wasipokujibu, mpwa wako akupeleke kwenye mamlaka inayolinda taarifa za watu. Lakini karatasi uirudishe. Habari zako ni zako, jina lake si lako. Ipeleke mwenyewe, karani akuandikie kwamba ameipokea, na udai nakala nyingine iliyotengenezwa vizuri, maana malalamiko yaliyomo yanakuhusu na una haki nayo. Na ukutani au mlangoni kwa mtu usibandike kitu. Mwenye umri wako na heshima yako habandiki watu.

Sasa tugombane. Umenukuu maneno ya shoga yako yote, neno kwa neno, kisha ukayaruka. "Msimhamishe, msaidieni tu." Huo ndio uchongezi? Mtu ameingia kwako mara nne kuzima moto, hakukutangaza kwa majirani, hakukucheka, na malipo yake ni kunyang'anywa ufunguo mlangoni kama mwizi. Kosa lake ni moja, nalo ni woga. Na wewe shoga, najua unasoma safu hii, ungemkalisha chini ukamwambia usoni. Angekufokea, mngenuniana siku tatu, yangekwisha.

Lakini, Fundi, kuna jambo zito kuliko hayo. Barua yako ilikuwa na majina yote, ya shoga yako, ya binti yake, ya mtaa, na namba ya chumba. Sikuyapaka wino, nimeiandika upya bila hayo. Kisha nikakupigia simu kuomba ruhusa ya kuichapisha. Ukanipokea kwa ucheshi, ukaniuliza, "Barua gani?" Nikakusomea yote mpaka mwisho. Ukanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Ndipo ukasema, "Chapisha. Ila na wewe usinifiche kama wao."

Sikufichi. Umenieleza habari ya maharage mara mbili, na mara ya pili ukasema ndiyo kwanza unanieleza. Sufuria zilizotupwa ni mbili. Binti uliyemshonea gauni la arusi, umeuliza ataolewa lini. Alichokisema shoga yako si uongo, na nadhani ulipokuwa umenyamaza kwenye simu ulikuwa umeshalijua hilo.

Mimi si daktari na sitakupa jina la ugonjwa. Kusahau kunaletwa na mambo mengi, dawa zisizopatana, presha, damu pungufu, hata huzuni, na mengine yanatibika yakiwahiwa. Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, nenda kapimwe, na usiende peke yako. Mpwa wako aende nawe, abebe dawa zako zote kwenye mfuko, na daktari akiuliza ilianza lini, mwache mtu mwingine ajibu. Hutapenda jibu lake. Nyamaza hivyohivyo.

Usingoje ofisi imjulishe shoga yako. Vuka korido leo. Huna haja ya hotuba. Mwambie umesoma, umekasirika, bado umekasirika, na mpe ufunguo. Akilia, mwache alie, hatakuwa wa kwanza kulia kwenye jengo hilo wiki hizi. Halafu mkubaliane kati yenu, kwa midomo yenu, yapi ayaseme kwa ofisi na yapi aje kwanza kwako.

Afisa aje. Ukimfungia mlango utampa sababu. Siku hiyo mpwa wako awe kushoto kwako na shoga yako kulia, na umuulize afisa maswali kabla hajakuuliza wewe. Shirika linaweza kukufungia jiko linalojizima lenyewe? Lini? Nani atakuja kukuangalia, na mara ngapi? Taarifa za daktari wako zitasomwa na nani pale ofisini, na zitawekwa wapi? Usimpe cheti chote cha daktari wakati anahitaji mistari miwili. Karani uliyemlilia siku ile alitakiwa kuandika "ameachika", basi.

Na kuna kitu kimoja sikukiona kwenye hiyo bahasha yako. Karani ameandika habari zako, msimamizi wa jengo ameandika, shoga yako ameandikiwa maneno yake, mtu usiyemjua ameandika. Wewe hujaandika hata mstari. Chukua karatasi safi. Andika kwa mkono wako kwamba unajua umeanza kusahau, kwamba unataka kubaki chumbani kwako, msaada upi unaukubali na upi huutaki, na nani aulizwe kwa niaba yako. Weka sahihi, weka tarehe, mpe karani aiingize kwenye faili mbele ya macho yako. Fanya hivyo sasa, wakati akili ni yako na hakuna wa kukupinga, ili ikifika siku ambayo wewe mwenyewe hukumbuki ulitaka nini, pale ofisini wasiwe na pa kujificha.